Message ya Kahindo Ilibaki Kule

Message ya Kahindo haikufutika, Masika. Iko muzima, na iko ndani ya ile machine yako, ile kompyuta unabeba kesho asubui kwenda nayo kazini Beni, kulala nayo ndani ya nyumba ya Kahindo mwenyewe. Miaka makumi mbili nilikuwa nafikiri niliiua. Haikukufa.

Nimeanza na hiyo juu ya sababu hii: kama ningeanza na salamu, ningemaliza na salamu. Unanijua. Ningekuambia Beni kuko joto, usibebe ma-pull za baridi yote tatu, ningeandika page mbili za kupika sombe, majani ya muhogo, na za kuchemsha maji, na ningefunga enveloppe. Hayo unajua. Uko na miaka makumi mbili na mbili na nilikulea vizuri, hapa Vulindi, mutaa yetu ya Butembo, hakuna mutu anasema kingine. Basi salamu, mwanangu. Sasa kaa chini usome.

Niko naandika muchana. Umeenda kuaga bale ba chorale, baimbaji ba kanisa, ndugu yako Kambale nimemutuma shambani makusudi, kwa sababu huyo anasoma juu ya mabega ya batu. Usicheke maandishi yangu. Mimi niliacha masomo mwaka wa tano wa primaire, na hata vile ni mama yako njo alikuwa mutu wa kwanza wa hii quartier kushusha message kutoka Ulaya na kuiweka ku karatasi. Bale benye diplôme balikuwa inje wananingoja mimi. Hiyo nilikuambia mara mia. Mais nilikuambia nusu yake, ile nusu tamu.

Unakumbuka vile nilikuhadisia: Ingénieur, mutu wa hapa kwetu aliyesoma Ulaya, alileta machine moja, groupe moja ya mazout ya kutoa umeme, na sahani ya antenne juu ya mabati. Boîte ya message, kama sanduku ya posta, ilikuwa moja kwa quartier nzima. Mutu akiwa Kampala, ama Kisangani, ama kule kwa bazungu, aliandika kwa ile adresse moja, na juu kabisa aliweka: Kwa fulani, nyumba ya fulani. Mimi nilikuwaka nafagia pale. Ingénieur akachoka kuamka kila asubui, donc akanifundisha. Écran, uso wa machine, ilikuwa nyeusi, hakuna picha, hakuna souris ya kusukuma na mukono. Unaandika mustari moja: jina ya programme ya kuvuta, jina ya ile machine ya Ulaya inayotunza message, jina ya boîte yetu. Unafinya. Inakuomba neno ya siri, unaiandika bila kuona kitu unaandika. Halafu message zinaanza kushuka, moja, moja. Na ikishuka huku, kule inafutwa, juu boîte ilikuwa ndogo na Ingénieur hakutaka ijae. Yaani ile niko nayo mimi njo imebaki peke yake duniani.

Ile mustari niliijua kama Salamu Maria. Maana ya neno hata moja sikuijua, mais kidole changu kilijua. Nilikuwa natoa message ku karatasi, nakunja mara tatu, napiga agrafe, kile chuma kidogo cha kufunga, naandika jina. Mbele ya mulango kulikuwa banc ndefu, na batu balikuwa banakaa pale toka umande haujakauka. Mimi natoka na karatasi mukononi, bote bananyamaza. Masika, hata padri hawakumunyamazia vile.

Nilipenda ile kunyamaza. Hapo njo ubaya wangu ulianzia. Mama moja wa Alimbongo, muuza viazi, mutoto wake alikuwa Afrika ya Kusini, siku moja alinipita kwa njia bila kunisalimia. Labda hakuniona, alikuwa na kifurushi kwa kichwa. Message ya mutoto wake niliiweka chini ya clavier, ile ya kuandikia, siku ine. Siku ya tano nikamupa, nikasema imefika sasa hivi. Alipiga magoti kunishukuru. Na mimi nililala usingizi muzuri sana.

Sasa Kahindo. Wewe unamuita mama mudogo, na unamujua kama mama wa Beni mwenye sauti ya chini, mwenye kutuma avocat za kula kila mwezi. Haukumujua akiwa na miaka kumi na tisa. Mudogo wangu alikuwa na diplôme d'État ya kumaliza sekondari, alikuwa na shingo ndefu, na alikuwa na mudomo. Tulikuwa tunaishi naye, na aliniita yaya, yaani dada mukubwa. Yeye njo alikuwa anapika bugali, yeye njo alikubeba, mugongo wake uliujua mbele ya wangu. Kila asubui alikuwa anakuja kunitazama kwa kazi, wewe ukilala nyuma yake.

Siku moja muzee mumoja alipata barua ya mutoto wake, ya Kifaransa. Aliniomba nimusomee pale pale ku banc. Nilisoma. Nilisoma vibaya, sijui nilisomaje, muzee akaanza kulia kwa kuwa alielewa mutoto amekufa. Kahindo akanyoosha mukono akachukua ile karatasi.

«Yaya, leta. Unaua mutoto wa watu bure.» Akasoma yeye. Mutoto alikuwa amepona, alikuwa ametoka hospitali. Halafu Kahindo akageukia banc, akasema: «Yaya anajua kufungua mulango, mais hajui kusalimia benye nyumba.»

Balicheka. Muzee mwenyewe alicheka, machozi ikiwa ingali ku mashavu. Na mimi nilicheka, na nikicheka nilikuwa nahesabu batu ku banc, mumoja mumoja, nisisahau nani alikuwa pale.

Haikupita juma mbili. Nikaandika mustari yangu, message zikaanza kushuka, na katikati groupe ikakufa. Mazout iliisha. Nikamutuma Kahindo aende kutafuta. Akaenda na wewe mugongoni, akarudi na bidon, nguo inanuka mazout. Nikawasha, nikafungua zile zilikuwa zimeshuka mbele ya courant kukatika. Moja ilikuwa yake. Kwa Kahindo, kwa yaya wake wa machine. Ilitoka kwa Paluku.

Paluku alikuwa kijana wa kwetu, fundi wa magari, alikwenda Kampala mwaka moja kabla ya hapo. Simu za mukono zilikuwa za bafanyabiashara. Kahindo alikuwa anamungoja, na kila mutu alijua kama anamungoja. Ile message naweza kuisema bila kuiona. «Kahindo, nimepata kazi ya kweli na vyumba viwili. Bazee bangu bako tayari kuja kwenu na mbuzi. Niambie tu ndiyo. Sitaki kukusumbua mara mbili. Kama haunijibu mpaka mwisho wa mwezi, nitajua kama ni hapana, na sitakukasirikia.»

Mutu mupole. Ile upole yake njo ilinipa njia. Kama angekuwa mukali angeandika mara kumi, na mimi ningechoka.

Sababu nitakuambia, usifikiri najitetea. Baba yako alikuwa ameniacha miezi mitatu kabla ya siku ile, wewe ukiwa mugongoni, Kambale akiwa tumboni, akaenda Kanyabayonga kwa mwanamuke wa soko mwenye meno mazuri. Nilisoma «niambie tu ndiyo», nikajiuliza mimi nani aliwahi kuniuliza ndiyo yangu. Nikajiuliza nani atamubeba Masika, nani atapika. Halafu nikasikia tena ile kicheko ya banc. Nikafinya ile ya kufuta. Ilichukua wakati mudogo kuliko kupiga chafya.

Kahindo alikuwa ku mulango, ananawa mikono kutoa mazout.

«Yaya, hakuna kitu?»

«Hakuna.»

«Hata kidogo?»

«Kahindo, message haiko ndizi. Hakuna kidogo.»

Banc ikacheka. Safari hii kicheko ilikuwa yangu.

Alirudi kesho yake, na kesho yake tena. Kila asubui «Yaya, hakuna kitu?» na mimi nilikuwa namupa fagio, nikisema kama unangoja, ngoja ukifanya kazi. Alifagia mahali yangu ule mwezi wote. Karibu na mwisho akaleta karatasi ameandika mwenyewe, ya kumutumia Paluku. Ilikuwa nzuri, sijawahi kusoma karatasi nzuri vile. Nilikaa mbele ya machine, nikapiga vidole ku clavier, yeye amesimama nyuma yangu, ananipumulia ku shingo. «Imeenda?» «Imeenda.» Haikuenda fasi yoyote. Antenne ilikuwa imezimwa.

Kisha habari ikafika na dereva wa camion: Paluku ameoa musichana wa Kasese. Kahindo alilia juu ya kitenge yangu siku mbili. Nilimupaka mafuta ku mugongo, nilimupikia uji, nilimufukuzia majirani. «Wasingya kutsibu, yaya,» akaniambia, asante sana, bila wewe ningekufa. Na mimi nilikuwa nafurahi. Hiyo unishikie vizuri, Masika. Haikuwa huzuni, haikuwa haya. Nilikuwa nafurahi kama muganga aliyeponesha ugonjwa ambao yeye mwenyewe alileta.

Njo akaenda Beni, akaolewa na yule mulimaji wa kakao wa upande wa Kalunguta. Mutu muzuri, sina neno naye. Unajua vile iliisha. Alienda shambani asubui moja, na bale ba pori, benye bunduki, balimukutia kule ndani ya kakao yake, bakamuua. Kahindo alibaki na batoto batatu na kilio ambayo mimi nilienda kuisikia, nikakaa karibu yake, nikamushika tena. Kila mutu anasema ni vita. Najua ni vita. Najua vilevile ni nani alimutuma Beni.

Sasa Jumapili iliyopita. Ingénieur amezeeka, alikuomba ufunge ile boîte ya zamani mbele ya kwenda. Ulikaa hapa ku table na machine yako, mimi nyuma yako na kisu nachambua viazi, Mama Biira wa jirani yuko ku mulango na Kambale. Ukafungua écran nyeusi. Nikajisikia niko tena na miaka makumi mbili na tano. Ukaandika mustari, karibu sawa na yangu, mais mwishoni ukaongeza neno ya kuomba zote, hata zile zilishasomwa.

«Hakuna kitu kule,» nikasema. «Mimi nilizishusha zote.»

Zikaanza kushuka. Moja, moja.

«Mama,» ukaniambia, «kila mara groupe ilikufa katikati, message zilikuwa zimeshafika kwenu, mais machine ya kule ilikuwa haijapata nafasi ya kuzifuta. Iliziwekea alama tu kama zimesomwa. Na ile mustari yako iliomba zile hazijasomwa peke yake. Donc hizi zilikaa kule, hakuna mutu aliziita tena.»

«Sikuambiwa hiyo.»

«Yaani miaka yote ulikuwa unaandika kitu haujui? Mama, ulikuwa kasuku ya Ingénieur.»

Mama Biira alicheka mpaka akashika ukuta. Kambale alicheka. Wewe ulicheka kuliko bote, na nikaona mudomo wa Kahindo ku uso wako, mudomo ule ule. Mukono wangu ulitaka kukupiga, na kisu ilikuwa ndani yake. Haukuona. Ulikuwa umegeuka kumuangalia Kambale. Na mimi juu ya bega yako niliona ku écran: Kwa Kahindo, kwa yaya wake wa machine.

Siku ya tatu ulienda kutafuta makaratasi yako ya safari ku bureau ya hapa. Nikafungua ile machine. Nikaandika mustari yangu ya zamani, nikaandika futa, nikaandika kila kitu kidole ilikumbuka. Iliomba neno ya siri. Nikaweka jina yako, ikakatala. Nikaweka ya Kambale, nikaweka siku yako ya kuzaliwa, nikaweka hata jina ya baba yako, Mungu anisamehe. Ikakatala. Niliitukana ile machine kwa Kinande na kwa Kifaransa kidogo ile niko nayo. Nisikudanganye, mwanangu: kama ingekubali, haungesoma hii barua.

Kesho yake Kahindo akapiga simu.

«Yaya, Masika nimemupangia chumba ya batoto, benyewe batalala na mimi. Nimefua rideau ya dirisha. Aje tu, asilete kitu.»

«Kahindo, atakusumbua.»

«Wewe ulinishika wakati ule. Acha na mimi nimushike wako.»

Nikamuambia network iko mubaya, nikakata. Network ilikuwa muzuri sana.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria hiyo. Mais nakujua, siku moja ungefungua zile message za zamani kwa kuchezea, na ungemuita ukicheka: mama mudogo, kuja uone, kumbe ulikuwa na muchumba wa Kampala. Ungemuua bila kujua, na yeye angekuangalia, na wewe ungeendelea kucheka. Bora ujue. Najua vilevile kama nakuwekea muzigo, kula bugali yake huku unajua. Ni ubaya wangu mwingine juu ya ule wa kwanza, nauona vizuri.

Niongee kidogo ya kazi yako. Nimejivuna soko nzima, hiyo unajua, hata muuza samaki amechoka na mimi. Ile bureau ya Beni ilikuchukua wewe, ikaacha bale benye diplôme za ukuta, juu unajua kuvuta message kwa mustari moja hata network ikiwa nyembamba kama uzi. Vituo vya afya vya mbali vitaandika, na maneno yao yote itapita mukononi mwako. Utakaa mahali ile mimi nilikaa. Na kutakuwa mutu mwenye kukucheka mbele ya bengine, juu batu ba vile bako kila fasi. Halafu asubui moja utafungua, na jina yake iko pale, na hakuna mutu mwingine duniani anajua kama imefika. Dawa ya hiyo siko nayo. Ningekuwa nayo ningekunywa. Nakuambia tu vile inakuwa: hausikii kama unafanya kitu kikubwa. Unasikia tu kidole.

Na wewe unacheka batu, Masika. Unacheka vizuri, maneno yako ina meno, uliitoa kwetu. Siku ile ya kasuku ulirudi kula na haukufikiria tena. Mimi nilichambua viazi mpaka ikabaki ndogo kama mbegu. Haukuuliza kwa nini bugali ilikosa mboga.

Basi hii nakukataza. Ile message usifute. Usiitoe ku karatasi. Usimupe Kahindo, hata siku ya kwanza atakayokuwekea samaki mbele na kukuita mwanangu, na roho yako itawaka, utataka kujisafisha na mimi. Haiko yako. Mimi njo niliiiba, mimi njo nitairudisha. Anaweza kukufukuza pamoja na mimi. Nimeangalia hiyo pande zote na sikuona njia ya kuizunguka. Kama ataweka valise yako ya nguo inje, ibebe, usibishane naye, na mimi unitukane njia yote ya kurudi Butembo, nitakaa nikisikiliza.

Kahindo ametuita sisi bote kwa communion ya kwanza ya kitinda mimba wake. Nitakuja na Kambale, na tonton yako, ndugu yangu, na mama yangu muzee ambaye hajui kitu na atajua siku ile. Nilimudharau mudogo wangu mbele ya banc, sitaenda kumunong'onezea jikoni. Batu bakishakula, wewe utafungua machine, utaigeuza upande wangu, na utasogea. Mimi nitavaa miwani. Nitaisoma mwenyewe, message ya Paluku, na sauti yangu ya mwaka wa tano, na nikimaliza nitasema nilifanya nini nayo. Nikikosea kusoma, Kahindo anajua kunisahihisha. Akichukua machine, ama mukono wangu na kuuvunja, mutu asimuzuie. Umuambie Kambale hiyo, juu yeye anapenda kuamua ugomvi.

Ukifika kesho, umusalimie kwanza. Umuambie yaya wake anasema aweke viti inje, tutakuwa bengi. Tunakuja bote, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa munane, nyuma ya misa ya pili.